Mpiga Ngoma Anachelewa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeporwa. Si saa, si vyombo vya kazi. Nimeporwa kiti.

Miaka kumi na mmoja sasa, saa kumi kamili jioni nafunga kibanda changu cha kutengeneza saa, navuka barabara, naingia kwa Kinyozi. Kiti changu kipo dirishani. Kinyozi ananyoa, mimi naongea. Ndivyo urafiki wetu ulivyo. Yeye ana mkasi, mimi nina maneno.

Leo naingia, kiti kina mtu. Mzee mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikononi, kofia magotini. Nikalazimika kumpa shikamoo. Akaitikia vizuri tena, kwa tabasamu. Nikamchukia papo hapo.

Juu ya meza ya poda na mafuta kuna kinanda cha santuri. Kinatoa kelele. Sijui niielezeje. Ni kama watu wanne wanahama nyumba, kila mmoja kabeba kabati lake, na hawajaelewana watokee mlango upi. Kinyozi kasimama, mkasi hewani, macho kafumba. Mteja wake nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Naye kafumba macho!

Nikaanza kueleza habari ya saa ya ukutani ya shule, ambayo imenitoa jasho tangu asubuhi. Kinyozi akainua kidole. Akaniambia ningoje kwanza, mpiga saksafoni amalize.

Mpiga saksafoni amalize! Mtu ambaye hata chumbani hayumo!

Nilisimama dakika kumi na saba kama mwanafunzi aliyekosa kazi ya nyumbani. Ndipo nikafahamishwa. Mzee huyu ni mpima ardhi mstaafu, amehamia nyumba ya kona mwezi uliopita. Muziki wenyewe unaitwa jazi. Kinyozi hakuujua mpaka wiki iliyopita, mimi nikiwa kitandani na mafua. Mafua ya siku nne tu! Siku nne zimetosha mtu kuingia. Na Jumapili ya tarehe kumi na sita, mchana, kutakuwa na kikao cha kusikiliza hapo hapo dukani. Kila mtu alete kipande kimoja, aseme kwa nini anakipenda.

Nimerudi nyumbani nikasukuma sahani ya chakula kando. Mke wangu ameuliza nina nini. Nimesema kiungulia.

Nimeshaamua. Nitajifunza hiyo jazi. Nitaijua kuliko Mpima Ardhi. Tarehe kumi na sita Kinyozi atakumbuka rafiki yake ni nani.


Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nimepitia maktaba. Kuna kitabu kimoja tu cha jazi, na kurasa thelathini za mwanzo zimechanwa. Si tatizo. Mimi sihitaji mwanzo, nahitaji maneno ya kusema mbele za watu. Nimenakili matano kwenye kadi, nikaitia mfukoni. Mojawapo: "Huyu hapigi, anasimulia." Jingine: "Mpiga besi ndiye anayebeba nyumba nzima." La tano siwezi kusoma mwandiko wangu.

Nikafunga kazi saa tisa na nusu ili niwahi kiti. Kina mtu. Tayari! Mstaafu hana pa kwenda, ndiyo maana anawahi kila mahali. Nikabanana kwenye benchi la wateja, katikati ya wanaume wawili wenye povu kidevuni.

Muziki ukaanza. Wa taratibu, wa huzuni. Nikafumba macho. Nikapumua kwa nguvu ili wanisikie ninavyoguswa. Kisha, kwa sauti nzito, nikasema kwamba mpiga besi ndiye anayebeba nyumba nzima.

Mpima Ardhi akageuka. Akasema, kwa upole unaokera, kwamba hilo ni kweli kabisa, mara nyingi huwa hivyo. Ila kwenye kipande hiki hakuna besi. Ni piano peke yake.

Wenye povu walicheka mpaka povu likaruka. Kinyozi hakucheka. Alinitazama kwa huruma. Afadhali angecheka!

Halafu Mpima Ardhi akanipa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Akasema anayeanza asijaribu kuwasikia wote kwa pamoja. Achague mmoja, amfuate huyo huyo, kama unavyomfuata mtoto wako katikati ya soko: macho kwake tu, wengine wapite. Akichoka huyo, chagua mwingine. Kinyozi akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nilikuwa nalijua hilo tangu zamani.

Kadi nimeichana vipande vinane.


Alhamisi, 6 Machi

Nimempata! Nimempata!

Jana nzima nilikuwa najiuliza, mimi nina nini ambacho yeye hana. Jibu limenijia nikiwa nimeinamia saa ya mkononi, kioo cha kukuzia kimenibana jichoni. Nina wakati. Mimi ni fundi saa. Wakati ndiyo kazi yangu.

Leo nimekwenda kwa Kinyozi na saa ya kupimia mbio. Nikaketi benchini, nikasikiliza ngoma peke yake, kidole kwenye kitufe. Na nikakuta kosa! Yule mpiga ngoma anachelewa. Si mara moja, anachelewa kila anapopiga. Kidogo mno, lakini anachelewa. Saa ya namna hiyo ikiletwa kwangu naifungua siku hiyo hiyo.

Nikangoja duka lijae. Nikasimama. Nikatangaza kwamba muziki huu tunaosifiwa una hitilafu, mpiga ngoma hana wakati, na ushahidi ninao mkononi. Nikainua saa juu wote waione.

Mpima Ardhi akainuka kutoka kitini. Akaja kwangu mimi. Nikajua sasa tunakunjana mashati.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili! Akasema, "Umesikia! Umesikia mwenyewe! Mimi ilinichukua miaka kulisikia hilo." Kumbe jamaa anachelewa makusudi. Anakaa nyuma ya mwendo, kama mtu aliyeegemea ukuta, wenzake wanavuta mbele na yeye anawashikilia kwa nyuma, na hapo katikati ndipo mwili unapotaka kucheza. Akairudisha sindano. Wakasikiliza tena, duka zima, wakitafuta uchelewaji wangu. Kinyozi akaupata, akapiga kelele ya furaha. Akamkumbatia Mpima Ardhi.

Mpima Ardhi! Uchelewaji niliuona mimi, akakumbatiwa yeye!

Nimesifiwa na adui mbele ya watu. Sijawahi kudhalilishwa namna hii.


Jumamosi, 8 Machi

Leo sikwenda. Niwaone kama watanikumbuka.

Nimebaki nyumbani na simu, nimetafuta jazi nikasikiliza sebuleni tangu asubuhi. Mke wangu alikuwa mezani anasahihisha mitihani ya hesabu ya kidato cha pili. Sikumwomba asikilize. Muziki ni kazi yangu, mitihani ni kazi yake.

Nilijaribu kumfuata mmoja. Nikamchagua mwenye tarumbeta. Nikampoteza. Nikampata. Kumbe nilikuwa namfuata mwingine. Nikaanza upya mara sita.

Mara ya saba nikasikia tak, tak, tak. Kalamu nyekundu inagonga meza. Mke wangu anasahihisha, kichwa kimeinama, kalamu inagonga, tena inagonga pale pale anapochelewa mpiga ngoma! Bila saa! Nikamuuliza anafanya nini. Akasema hafanyi kitu. Akapiga alama ya kosa kwenye karatasi ya mtoto wa watu, kisha akasema, bila hata kuinua macho, "Wimbo umetoka kutembea. Sasa hivi unarudi nyumbani, ila umebadilisha nguo."

Nikamwambia hapana, wimbo umeharibika, haupo tena. Akasema subiri.

Nikasubiri. Ukarudi! Ule ule wa mwanzo, kabisa, ila umelegea kidogo, umefungua vifungo.

Niliumia. Miaka ishirini na miwili ya ndoa na sikujua ninaishi na mtu mwenye masikio. Yeye hakusoma kitabu. Hakunakili kadi. Hakufunga kazi mapema hata siku moja. Nimemuuliza nani kamfundisha. Akasema hakuna, ni kama hesabu ya herufi: kinachojulikana unakiweka kando, unahangaika na kisichojulikana, mwishoni unarudi.

Nimekwenda chooni na daftari. Nimeandika sentensi yake neno kwa neno. Kilicho chake ni changu, tuliapa.

Kinyozi hakupiga simu.


Jumatatu, 10 Machi

Saa kumi na dakika tano: ushindi. Mpima Ardhi aliweka santuri mpya, nikangoja mpaka wapigaji walipopotea kabisa porini, mbali na wimbo, nikasema pole pole kama mtu anayeota: "Wimbo umetoka kutembea. Utarudi nyumbani, ila umebadilisha nguo."

Kinyozi akaweka mashine chini. Mteja akageuka. Mpima Ardhi akavua kofia! Nikajua leo kiti kinarudi.

Saa kumi na dakika sita: maafa. Kinyozi akapasuka kicheko, akajishika mbavu. Akasema, "Fundi, haya si maneno ya shemeji?" Kumbe Jumamosi alasiri mke wangu alipopeleka mitihani shule alipita dukani kunisalimia, akidhani nimetoka kwenda huko, kumbe nilikuwa chooni na daftari. Akakuta muziki. Akasimama mlangoni akasema maneno yale yale. Na Mpima Ardhi alimpa kiti akae. Kiti changu! Mke wangu amekalia kiti changu kwa hisani ya Mpima Ardhi, na hakuniambia!

Nilipofika nyumbani nikamuuliza kwa nini alinificha. Akasema hakuficha, alidhani si habari. Si habari!

Sasa nina maadui wawili, na mmoja tunalala naye.


Jumatano, 12 Machi

Niandike haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Asubuhi Mpima Ardhi alikuja kibandani kwangu. Amebeba kinanda cha santuri kifuani kama mtoto mgonjwa. Mkanda wa ndani umelegea, sauti inayumba. Akasema amesikia mimi ni fundi bora wa vitu vidogo kuliko wote mjini. Amesikia kwa nani? Kwa Kinyozi, kasema, anakusifu kutwa. Sikuamini. Nikapokea. Akaniachia santuri moja ya kujaribia, akaniomba niende nacho mwenyewe kwenye kikao Jumapili, maana mikono yake haibebi mzigo vizuri siku hizi.

Mchana nilikuwa nimekwisha kukitengeneza. Mkanda mpya, mafuta tone moja, mwendo nimeupima sawasawa. Nikateremsha pazia la kibanda, nikaweka santuri. Kujaribia tu.

Sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Labda ndiyo maana. Niliketi kwenye stuli yangu, saa thelathini ukutani zinagonga kila moja na lake, nikamchagua mwenye besi. Nikamfuata. Nene, polepole, hatua baada ya hatua, anatembea chini ya wenzake kama mtu anayewasha taa chumba hadi chumba. Sikumpoteza. Tarumbeta ikaja juu yake, sikumpoteza. Mpiga ngoma akachelewa, nami nikachelewa naye. Halafu wote wakanyamaza wakamwachia peke yake, na akapiga mapigo machache tu, mengine akayaacha, na yale aliyoyaacha niliyasikia.

Nililia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilitoa machozi mpaka kioo cha kukuzia kikaingia ukungu.

Na hapo hapo, machozi hayajakauka, roho ikaniuma. Nikafikiri: mzee yule amekuwa na kitu hiki maisha yake yote. Na alipoamua kukigawa, akampa Kinyozi kwanza. Na Kinyozi alipopewa, hakunitumia hata ujumbe. Wamekula wawili, mimi ndani na mafua yangu.

Chini ya sahani inayozungusha santuri kuna skrubu ndogo ya mwendo. Nimeizungusha robo. Robo tu! Santuri zitakimbia kidogo. Jumapili muziki wake utatoka kama kuku wanaofukuzwa, na watu watasema, ndiyo hii mliyokuwa mnaisifu?

Nimefunika kinanda kwa kitambaa. Nimeosha mikono mara mbili.


Jumapili, 16 Machi

Kikao kimekwisha. Nitaandika kwa mpangilio.

Watu kumi na wanne. Kinyozi alikuwa amefagia nywele zote na kupanga mabenchi. Mimi nilivaa koti. Nilikuwa na hotuba ya kurasa nne. Kinyozi akasema kila mtu dakika mbili, na wa kwanza ni Mpima Ardhi, kwa heshima. Nikasema vizuri sana. Moyoni nikasema vizuri mno.

Mpima Ardhi akasimama. Akatoa santuri kwenye gazeti lililokunjwa mara nyingi. Haikuwa na picha, karatasi nyeupe tu. Akasema hii huwezi kuipata popote. Walikuwa wanne, vijana, waliirekodi alasiri moja, zikachapwa chache. Wawili wamefariki. Wa tatu hajui yuko wapi. "Mwenye besi," akasema, "ni mimi."

Akatuonyesha vidole. Vimekakamaa, havikunjiki. Miaka tisa hajagusa nyuzi. Na mwenzake wa nyumbani alipofariki mwaka jana, akashindwa hata kuisikiliza, maana walikuwa wanaisikiliza wawili. Ameifunga, amehama nayo. Leo ndiyo mara ya kwanza. Akasema anashukuru amepata watu wa kusikiliza nao.

Nilitaka ardhi inimeze, koti na hotuba yangu pamoja.

Akaweka sindano. Ikatoka. Kuku wanaofukuzwa, kama nilivyopanga. Besi ilikuwa inakimbia kama mtu anayetafuta choo. Mtu mmoja nyuma akaguna. Mwingine akacheka akajifanya anakohoa.

Mpima Ardhi hakukasirika. Angekasirika ningepona. Alikaa chini taratibu, akavaa kofia, akamwambia Kinyozi kwa sauti ndogo, "Mimi nakumbuka tulipiga polepole. Miaka yote hii nakumbuka tulipiga polepole. Kumbe hata hilo nimelikosea."

Sijui nilisimamaje. Nilijikuta mbele, nimetoa bisibisi kwenye mfuko wa shati, nimenyanyua sindano, nimenyanyua sahani, nimerudisha robo. Nikasema mwendo ulikuwa umezidi. Nikaweka sindano tena.

Ikaja. Polepole. Jamani, polepole kiasi gani! Vijana wanne ambao hawana haraka na dunia. Vidole vya Mpima Ardhi vilikuwa vinajaribu kukunjika juu ya goti, kimoja kimoja, kila mahali pake. Alikuwa anatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, hivi, hivi. Kinyozi alikuwa analia waziwazi na taulo la wateja.

Ilipokwisha watu hawakupiga makofi mara moja. Kisha wakapiga. Kisha, Mungu anisamehe, wakanigeukia mimi. Kinyozi akapaza sauti, masikio ya fundi! Watu kumi na wanne tumekaa hapa, aliyesikia mwendo umezidi ni mmoja! Wakanipigia makofi mimi. Nilitaka kusema kweli. Mdomo ulifunguka. Halafu niliinama kidogo kushukuru. Kiuno kiliinama chenyewe.

Kinyozi alinikumbatia. Alinikalisha dirishani. Nilisahau hata kusoma hotuba.

Mke wangu alikuwepo pia, benchi la nyuma, nikarudi naye. Kwenye geti akauliza skrubu ile iko wapi hasa. Nikasema chini ya sahani. Akasema, "Haionekani kwa juu. Hukuitafuta. Ulikwenda moja kwa moja."

Nikamwambia yeye ni mwalimu wa hesabu, si polisi.

Akasema, "Kesho utakwenda kwake." Hakusema nenda. Alisema utakwenda. Wenye ndoa wanajua tofauti.


Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda. Nilizunguka nyumba ya kona mara tatu kwanza, mpaka mbwa wa jirani akanizoea.

Mpima Ardhi alikuwa anapanga santuri kwenye masanduku ya matunda. Sebule nusu imefunguliwa, nusu bado ina maboksi. Kwenye pembe kuna kitu kirefu kimefunikwa shuka la maua, besi yenyewe. Mezani vikombe viwili, na anaishi peke yake. Aliviona nikivitazama, akasema mkono umezoea kutoa viwili, basi leo cha pili kimepata mtu. Akanimiminia chai.

Nilikuwa nimepanga kuanza mbali. Hali ya hewa, afya, mikanda ya mpira jinsi inavyolegea kwenye joto. Nikasema tu, "Mzee, skrubu niliizungusha mimi."

Akakoroga chai. Akasema, "Najua."

Nikaweka kikombe chini. Akasema amepima ardhi miaka arobaini. Kigingi cha mpaka kikisogezwa, anajua. Na aliyekisogeza humjua pia, maana ndiye anayekuja mbio kusaidia kukitafuta, na ndiye anayekipata wa kwanza.

Nikamuuliza kwa nini hakuniumbua mbele za watu. Akasema besi ilikuwa inalia, na yeye alikuwa na miaka ishirini na minne, nani angetaka kuongea wakati huo? Halafu akasema kitu kingine. Akasema kuna watu wamesogeza vigingi akawangoja miaka, hawakuvirudisha. "Wewe ulirudisha wimbo haujafika katikati."

Akaniuliza kwa nini lakini. Niliona haya kuliko siku yangu ya harusi. Nikasema, kiti.

Hakuelewa. Nikaeleza. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikampiga mgongoni. Akasema siku ya kwanza alisimama mlangoni kwa Kinyozi, hakutaka kuingia. Kinyozi akamvuta, akamwambia, "Kaa pale dirishani, mwenye kiti chake anaumwa, na mimi sipendi kukiona kitupu, naona kama amekufa." Basi akakaa. Hakuna aliyemwambia asimame. "Ungesema, ningehama siku ile ile."

Akaweka santuri. Sikusema neno lolote kuhusu muziki, na hilo ni mara ya kwanza tangu mwezi huu uanze. Nilimfuata mwenye piano. Nilipompoteza, Mpima Ardhi alinionyesha kwa kidole alipokwenda.

Jioni nilimweleza Kinyozi pia. Akanyoa vichwa viwili kwanza. Kisha akaingia nyuma ya pazia, akatoka na kiti cha kukunja, akakiweka kando ya kile cha dirishani. Akasema sasa vipo viwili, na nikirudia upuuzi atanyoa nyusi zangu. Mimi na Mpima Ardhi tulikaa bega kwa bega. Nimeandika hapa ili nisisahau: wivu umekwisha. Nimepona. Mimi ni mtu mpya.


Alhamisi, 20 Machi

Mke wangu ananihujumu.

Jana tulikwenda wote nyumba ya kona kumsaidia mzee kufungua maboksi. Mke wangu akavuta lile shuka la maua. Akagusa uzi mmoja. Dum. Mpima Ardhi akaacha alichokuwa anafanya. Akamwambia aguse tena. Dum. Akasema ana mkono. Tangu jana ni hilo tu: shemeji wa Kinyozi ana mkono, mwalimu ana mkono. Wangu je? Mkono huu unaotengeneza saa ndogo kuliko punje ya mtama, hakuna aliyeuona!

Leo mchana watu wawili wameileta besi kwetu, atajifunzia. Imesimama sebuleni. Ni ndefu kuliko mimi. Kila nikipita naona kama inanitazama kwa dharau.

Na saa kumi jioni Kinyozi amefunga duka mapema, jambo ambalo hajalifanya tangu nimjue, akaja kwangu na Mpima Ardhi. Nikafurahi. Nikaandaa maneno. Wamenipita! Wameingia moja kwa moja kwa mke wangu. Kinyozi kakaa sakafuni kama mtoto wa chekechea, anasema, hapo, shemeji, rudia hapo. Na mke wangu, nusu saa ya mafunzo, tayari anachelewa makusudi, vizuri kabisa. Mimi nimetumwa jikoni kuchemsha maji.

Kikao kijacho ni tarehe thelathini, na yeye ndiye atakayepiga, mubashara, watu wamekwisha kualikwa.

Bahati nzuri nimepitia kwa mwuza dawa, na ana tarumbeta kuukuu ya marehemu mjomba wake. Nimeichukua. Nimeificha bafuni, nyuma ya ndoo. Nimemwambia kwamba nilipiga tarumbeta ujana wangu wote, nikaacha kwa sababu watu walikuwa wananionea kijicho. Ameahidi kumwambia kila mteja. Nimemwomba aongeze jina langu kwenye tangazo la kikao lililobandikwa dukani kwake, juu ya la mke wangu, kwa herufi kubwa kidogo.

Nimeitazama kwa makini. Ina vitufe vitatu tu. Saa iliyo mezani kwangu leo ina vipande mia moja na ishirini.

Kufikia Jumamosi nitakuwa nimeimaliza.